Maji Baridi ya Nkome

Mdogo wangu alizaliwa Nkome akiwa kimya. Mkunga alimmwagia maji baridi ya ziwa, akampiga nyayo, akamning'iniza kichwa chini. Kilio kilichelewa. Leo ni mtu mzima mwenye mtindio wa ubongo, na mama ndiye anayemlisha.

Ndiyo maana niliposoma kuhusu tiba ya kupoza mwili, nilijiuliza kama mkunga yule hakuwa karibu na ukweli. Hospitali za nchi tajiri humpoza mtoto aliyekosa hewa hadi nyuzi 33.5 za sentigredi kwa saa 72, wakianza ndani ya saa sita baada ya kuzaliwa. Baridi hupunguza mahitaji ya seli za ubongo, hivyo nyingi hunusurika wimbi la pili la madhara, linalokuja saa kadhaa baada ya pumzi kurejea. Hata seli shina za neva, ambazo huzaa seli mpya na ndizo tumaini la ukarabati, zimeonekana maabara kufa kwa uchache katika ubaridi wa wastani. Ubaridi ukizidi, kugawanyika kwake hudorora. Tofauti ni nyuzi chache tu, na ndoo ya maji haina kipimajoto.

Lakini kipimajoto nacho hakitoshi. Katika jaribio dogo la Mulago, Kampala, lililochapishwa mwaka 2008, walifariki watoto 7 kati ya 21 waliopozwa, na 1 kati ya 15 wasiopozwa. Mwaka 2021 jaribio la HELIX, lenye watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, lilitoa vifo asilimia 42 kwa waliopozwa dhidi ya 31. Huko mashine zilikuwepo! Wenzangu wanaotaka tuzinunue kwa haraka wazitazame kwanza takwimu hizo.

Wakati huohuo, utafiti wa vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania, Geita na Shinyanga zikiwamo, uliochapishwa mwaka 2025, ulionyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vikipungua kwa asilimia 40. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kumpulizia mtoto hewa kwa mfuko na barakoa, na walikuwa na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wake.

Mama aliniuliza mwaka jana kama ni yale maji yaliyomharibu mwanawe. Nikamjibu kuwa ni zile dakika, mama, si maji. Madiwani wetu, wanaogawa ushuru wa dhahabu, nawauliza: katika zahanati za kata zenu, mfuko wa hewa uko wapi usiku huu, na nani aliushika mara ya mwisho?