Fundi Asomaye Plagi

Katika lugha yetu, fundi na mwanafunzi wamechipuka katika shina moja: funda, funza, fundisha. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyofundisha sekondari, mzazi aliyetaka kumtisha mtoto mvivu alimwambia, "Utaishia gereji." Kauli hiyo imenirudia kwa sababu ya mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, anayetaka kuunda injini za magari ya mashindano. Mama yake, dada yangu, aliniomba nimrudishe kwenye vitabu. Nami nikamtaka kijana anieleze kwanza kazi hiyo, tena kwa Kiswahili.

Akanitajia Keith Black, Mmarekani aliyezaliwa 1926 na kufariki 1991, ambaye karakana yake ilikuwa South Gate, California. Black alianza na injini za mashua za mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliunda injini ya gari lililojulikana kwa majina matatu, Greer, Black na Prudhomme: Tommy Greer mfadhili, Black mwenye injini, Don Prudhomme mwenye usukani. Nimeupenda mpangilio huo. Ni nadra jina la fundi kutangulia la dereva.

Mbio zenyewe ni fupi mno. Magari mawili husimama sambamba, kisha hufyatuka kwa mstari mnyoofu. Zama za Black masafa yalikuwa robo maili, yaani mita 402 hivi. Kwa magari yenye kasi kubwa kabisa yalipunguzwa mwaka 2008 hadi futi 1,000, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta. Mafuta yao si petroli bali nitromethani, ambayo imebeba oksijeni ndani yake. Petroli huhitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake ili iungue sawasawa. Nitromethani huhitaji mara 1.7 tu. Kwa hiyo silinda ileile humeza mafuta mengi zaidi, na nguvu hupanda pamoja na balaa. Joto huweza kula ncha za plagi kabla gari halijafika mwisho, injini ikaendelea kuunguruma kwa moto wake yenyewe. Pistoni huyeyuka. Konrodi hukatika na kutoboa bloki.

Hapo ndipo Black alipoacha alama. Injini ya Chrysler iitwayo Hemi ilikuwa na bloki ya chuma cha kusubu. Yeye akatengeneza ya alumini kwa muundo huohuo. Ilikuwa nyepesi, na ikitoboka iliweza kuchomelewa ikarudi kazini. "Hemi" yenyewe ni neno lililokatwa, maana yake nusu, kwa kuwa chemba ya mwako ina umbo la nusu tufe. Mpwa wangu hakusema nusu tufe. Alisema, "Mjomba, ni kama kifuu." Sijapata kusikia tafsiri iliyonyooka kuliko hiyo.

Mbio zikiisha, dereva hushangiliwa. Fundi huifungua injini, huchomoa plagi moja moja na kuzipanga kwa namba za silinda, akazikagua: ipi imebadilika rangi, ipi imelika ncha, silinda ipi ilipata mafuta kupita kiasi na ipi ilikosa. Hutazama pia beringi zilizopondeka. "Anazisoma," kijana akaniambia, na neno hilo sikumpa mimi. Nimesahihisha insha kwa kalamu nyekundu karibu maisha yangu yote ya kazi. Najua jinsi kosa dogo ukurasa wa kwanza linavyoeleza anguko la ukurasa wa nne. Huyu ndiye mtoto tuliyeambiwa amekimbia kusoma.

Nimemwandikia dada yangu kwamba kijana amalize kidato cha nne, kisha tumtafutie chuo cha ufundi, na kemia asiiache hata kidogo, maana hiyo 1.7 haipatikani kwa kubahatisha. Dada hajajibu. Mwanawe naye ananidai neno la konrodi. Nimempa "mkono wa pistoni". Amelitafakari kwa heshima, kisha akasema mafundi watamcheka.