Kipande Kimoja kwa Siku

Kiharusi kiliponipata kiliuchagua mkono wa kulia, ule ulioshika chaki zaidi ya miaka 30. Nilitoka hospitalini na karatasi ya mazoezi: vidole, kifundo, kiwiko, bega, asubuhi na jioni. Niliisoma mara moja, nikaikunja. Haukuwa uvivu. Niliogopa kuanza, kwani kuanza kungenionyesha ukubwa wa nilichopoteza.

Malenga wanaijua hofu hiyo mbele ya karatasi tupu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na mwanzoni kabisa anamwita bintiye asogee na wino na karatasi. Beti zaidi ya 100 zilikuwa zikimngoja. Yeye aliomba wino.

Nami nikaomba kalamu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane. Nikaazimia kuandika kipande kimoja kwa siku, kwa mkono uleule. Siku nane, ubeti mmoja. (Wapo wasemao mizani ni pingu, mimi zilinishika mkono.) Herufi zililala kama mahindi baada ya upepo. Iliyonichosha kupita zote ni "m", nayo Kiswahili kinaipenda mno!

Hofu haikuondoka. Nadhani hofu haiponi. Hupoa, kama uji. Jana nilifika ukwapi wa mshororo wa tatu, kina cha kati kikanikwamia, na zoezi la bega bado sijaligusa.