Kalamu Isitupwe

Wengi wetu tufundishao katika miteremko ya Kilimanjaro hujaribu kuandika: hadithi za wazee, mashairi, nyimbo za kanisani. Lakini maandiko yakirudishwa, au wenzetu wakicheka, mioyo yetu hunong'ona, "Kazi hii si yenu." Basi na tumkumbuke mtu mmoja aliyeuandika mlima wetu huu, asisadikiwe.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kuja Uchagga, aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akatambua kuwa ni theluji. Habari zake zilipigwa chapa Uingereza mwaka 1849. Huko London mtaalamu Desborough Cooley akazikataa, naye hajafika huku kamwe. Krapf, mwenzake Rebmann, aliuona mlima mwaka ule ule wa 1849, akashuhudia vilevile; ubishi haukwisha. Ndipo mwaka 1862 Baron von der Decken alipopanda, na theluji ikamwangukia.

Katika miaka ile yote Rebmann hakutupa kalamu. Alikaa Rabai, karibu na Mombasa, akikusanya maneno ya Kinyasa kinywani mwa mtu wa Unyasa aliyekuwa mtumwa. Macho yake yakapofuka. Akarudi kwao Ujerumani mwaka 1875, akafariki mwaka 1876. Kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1877, Krapf akiisimamia. Mwenyewe hakuishika mkononi.

Je, tudharau kila atukosoaye? Hasha! Asomaye kazi yetu mpaka mwisho, kisha akatuonyesha sentensi iliyochechemea, huyo ameupanda mlima. Tumshukuru na kurekebisha. Bali acheka­ye bila kusoma ni kama Cooley: maneno yake hayaondoi theluji.

Na shaka iliyo ndani yetu wenyewe, je? Twajua mifereji yetu, ile mifongo waliyoichimba babu zetu. Mvua kubwa ikibomoa ukingo, hakuna asemaye kuwa chemchemi imekufa. Watu huchukua majembe, huziba palipobomoka, na maji hufika tena migombani.

Basi, ndugu, karatasi iliyorudishwa ni ukingo uliobomoka. Tuisome tena kwa utulivu, tuzibe palipovuja, tuipeleke tena. Wazee wetu wenye hadithi wanapungua kila mwaka, na wao hawatungoji mpaka mioyo yetu iache kuona shaka.