Nilipita Nje ya Kikao

Wasee, mnajua niliacha chuo sababu ya karo. Chenye sijawahi kuwaambia ni hiki: mwaka huo kaunti yetu iliita watu wa wadi watoe maoni ya bajeti, pale kwa chifu. Nilipita hapo nje nikienda kushuti video. Nikacheka tu. Hao si wameshaamua?

Ndani walikuwa wazee na kina mama wa soko. Waliomba taa na choo cha soko. Basari hakuna aliyeitaja. Choo kilijengwa, na nimekitumia (kisafi, kusema ukweli).

Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti lishirikishe wananchi. Sawa, mara nyingi ni kusaini karatasi, unapewa soda, unaenda. Lakini 2024 si kelele zetu zilitoa ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, hata kabla Mswada wa Fedha wote haujaondolewa?

Mwaka huu nimeandika ukurasa mmoja: basari ifikie pia waliokwama katikati ya chuo. Karani akauliza, "Wewe ni wa kikundi gani?" Nikamwambia mimi ni mkaaji tu. Akanigongea muhuri kwa nakala yangu.

Kikao ni Alhamisi, saa nne. Nani anakuja tukae mbele?