Vita vya Nyota Nyuma ya Duka la Wamagana

Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo Nyeri. Yeye na wenzake wanatunga mchezo wa mezani wa vyombo vya angani: ramani, dadu, vyombo vidogo vya plastiki vilivyochapishwa kwa mashine, na kitabu kinachoeleza vita vyenyewe, nani anapigana na nani na tangu lini. Nilikisoma chote. Mna madola manne, majemadari wenye majina ya Kirumi, na sayari zinazoitwa kwa herufi na tarakimu. Nilipomwuliza askari wa vyombo hivyo wanalishwa na nani, akanijibu, "Mjomba, hilo halimo kwenye mchezo." Kisha akataka kujua kama enzi zetu, huko Tetu, tuliwahi hata kusikia habari za anga.

Tulizisikia. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikachunguze eksirei zinazotoka kwenye nyota. Miaka kadhaa baadaye mwalimu wetu wa sayansi alituchorea ubaoni kwa nini Waitaliano na Wamarekani walichagua pwani yetu. Kwenye Ikweta uso wa dunia hukimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea huko huanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Ikweta tuliijua, ilikuwa Nanyuki. Hadithi ya mchezo wetu ikazaliwa siku hiyo: vita vitakuja mwaka wa 2200, na vyombo vya kwanza vitaondoka Malindi na Nanyuki.

Nadhani ilikuwa 1979, maana maziwa ya Nyayo yalikuwa yameanza kuletwa shuleni. Kaka yangu anashikilia kuwa ni mwaka mmoja kabla. Tuliache hilo.

Ramani tuliichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Vyumba vyake vilikuwa vya pembe sita, na pembe hizo tulizipata kwa kuzungushia penseli nati kubwa iliyotupwa nyuma ya kinu cha posho. Vifuniko vya soda vilikuwa vyombo vya waasi, vya bia vilikuwa vya Himaya. Njiti za kiberiti zilikuwa mafuta: kila hatua njiti moja, kugeuka kona njiti nyingine. Kifuniko kilicholala kifudifudi kilikuwa ndani ya ukungu, na adui hakuruhusiwa kukigeuza mpaka akifikie chumba cha jirani. Mtoto yeyote wa Tetu anajua ukungu unaoshuka asubuhi kutoka milima ya Nyandarua, jinsi unavyomeza ng'ombe aliye hatua kumi mbele yako. Sheria hiyo ndiyo iliyotupa mchezo wenyewe.

Tulichezea nyuma ya duka moja hapo Wamagana, Tetu, juu ya kreti za soda. Duka lile lilinuka mafuta ya taa, sabuni ya mche na ugoro, na chini ya harufu hizo kulikuwa na ile ya magunia ya sukari yaliyopata unyevu. Mwenyewe alikuwa mzee mrefu, mkimya, nasi tulimwita Guka ingawa hakuwa babu wa yeyote kati yetu. Sukari aliifunga kwa gazeti kuukuu, na hakukunja ukurasa kabla ya kuusoma. Ungeweza kusimama kaunta na shilingi yako mkononi huku yeye akimalizia habari ya miezi mitatu iliyopita, kidole kikifuata mstari, ndipo akunje ile koni kwa mikunjo miwili na kuikaza ncha. Sijaona tena mtu aliyeheshimu hivyo maandishi.

Siku moja alitoka nyuma kuchukua kreti, akasimama kututazama. Akanyoosha kidole kwenye kifuniko cha Fanta.

"Huyu anakula nini?"

Hatukuwa na jibu.

"Mnapigana vita vya watu walioshiba," akasema, akarudi dukani.

Jioni ile, baada ya kufunga, alituita. Hakusema alikuwa nani wala alipigana wapi. Alituonyesha tu kwenye ramani. Hapa, akachora mstari kwa kalamu ya kopi, weka handaki. Chakula kinatoka upande huu, kwa wanawake, na anayevuka arushe dadu. Himaya iwe na ndege kubwa zinazomwaga mabomu bila kuona, na mara nyingi ziue nyati na tembo. Jemadari aandike kila kitu kwenye daftari, maana jeshi lisilo na maandishi hugeuka genge. Na kila upande uwe na vifuniko vichache ambavyo mwenyewe hajui vitamfuata nani.

Tulimwuliza Cucu, nyanya yetu, kuhusu handaki. Alikuwa akimenya viazi, wala hakuacha. Akasema alilichimba yeye na wanawake wote wa kijiji, kwa kulazimishwa, kando ya msitu, na chini wakachomeka mianzi iliyochongwa. Baadhi yao usiku walikuwa wakilivuka na unga. Hayo hakuwahi kutuambia kabla ya siku hiyo. Ndege za Lincoln za Waingereza, zilizopiga msitu kuanzia mwisho wa 1953, tulizijua kama sheria ya mchezo kabla hatujazisoma popote. Wazee walikuwa na sababu ya kunyamaza: Mau Mau, jeshi la msituni lililopigana na Waingereza, lilibaki haramu kwa sheria hadi 2003.

Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuwa homugadi, mlinzi wa upande wa Waingereza, alikataa katakata kushika Himaya, hata kura ilipomwangukia. Tulianza kumzomea. Guka alisikia, akatoka, akachukua vifuniko vya bia akavishika yeye, akacheza mpaka giza likaingia. Alitushinda vibaya sana. Hakuna aliyezomea tena.

Sayari zetu ziliitwa Ihithe, Thegenge, Ihururu, Gura, Chania. Kahiga-ini, ambako Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, ilikuwa nyota ambayo hakuna chombo kilichoruhusiwa kuipita bila kusimama zamu nzima. Sheria hiyo ilikuwa ya Guka pia.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Sekondari za bweni zilitutawanya. Bei ya kahawa ikaanguka baada ya 1989, watu wakang'oa mibuni, Guka akafa, duka likawa baa, kisha la kuuza simu, sasa ni wakala wa M-Pesa mwenye kioo na vyuma. Hakuna anayesoma gazeti mle.

Sichukii kazi ya kijana wangu. Hesabu zake za mwendo ni safi kuliko zetu, na vyombo vyake vinapendeza. Kinachoniuma ni kwamba kila asubuhi anapita chini ya lango lenye jina la Kimathi kwenda kutunga majemadari wa Kirumi. Si kwamba mambo ya baadaye hayawezi kutungwa kwetu: mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza filamu ya *Pumzi*, Afrika Mashariki iliyobaki baada ya vita vya maji, na dunia ikaitazama. Huyu anaishi kando ya msitu uliobeba vita vizima, vyenye njaa, usaliti, barua, ukungu na wanawake wenye unga mgongoni, halafu anaazima vita kutoka sinema ambako hakuna anayekula.

Nimempa sheria ya handaki. Wameijaribu bwenini, naye alinipigia simu usiku akilalamika kwamba dola lake lenye vyombo vikubwa zaidi lilikwisha njaa kwenye zamu ya sita, na akauliza maharagwe mangapi yanatosha kulisha chombo kimoja. Nimemwambia aje Jumamosi, amwulize mama yake ni kiasi gani Cucu alikuwa akibeba.