Mpira Huchukuliwa kwa Subira

Katika familia zetu nyingi, kijana anaporejea kutoka uwanjani huulizwa swali moja tu: "Umefunga mangapi?" Ni nadra kumsikia mzazi akiuliza ni mara ngapi mwanawe ameuokoa mpira miguuni mwa wapinzani. Ndiyo maana watoto hujifunza mapema kupiga chenga na mashuti, lakini kazi ya kuutwaa mpira haifundishwi na mtu. Na penye upungufu wa elimu, nguvu huchukua nafasi yake.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 14 na ni beki wa kulia katika timu ya vijana wa mtaani kwetu hapa Tanga. Mwaka jana alimwingilia kijana wa jirani kwa miguu miwili. Mfupa wa muundi ukapata ufa, na mguu ukakaa ndani ya plasta kwa wiki sita. Nyumba hizo mbili zilikuwa zikipelekeana sahani za futari kila Ramadhani. Baada ya siku ile hata salamu zikawa nzito. Dada yangu alimchukua mwanawe wakaenda kuomba radhi, nayo radhi ikapokelewa. Lakini kijana mwenyewe alivitundika viatu vyake ukutani akaniambia, "Mjomba, mimi sichezi tena. Nikikaba, naumiza. Nisipokaba, tunafungwa."

Maneno yale yalinigusa, kwani nami nilicheza kiungo mkabaji, namba sita, kwa miaka mingi katika viwanja vya vumbi. Nilimjibu kwamba kati ya mambo hayo mawili ipo njia ya tatu, na kwamba njia hiyo inafundishika. Kuanzia wiki ile tukawa tunatoka kila baada ya Alasiri.

Somo la kwanza lilikuwa hili: mpira hauchukuliwi ukiwa mguuni mwa mtu, bali huchukuliwa pale unapouacha mguu. Hakuna mchezaji, hata awe hodari vipi, anayeweza kukimbia na mpira pasipo kuusukuma mbele. Baina ya mguso mmoja na mwingine, mpira huwa hauna mwenyewe. Beki mwenye papara huurukia mguu. Beki mwenye subira huingoja nafasi ile.

Kwa siku tatu nilimkataza kabisa kunyoosha mguu. Tulipanga ndara katika mistari miwili, tukapata njia nyembamba, na binamu yake akawa mshambuliaji. Kazi ya mpwa wangu ilikuwa kumchelewesha tu. Alijifunza kukimbia kwa kasi wakati mpira ungali njiani kumfikia mpinzani, kisha kupunguza mwendo kwa hatua fupi fupi anapomkaribia. Alijifunza kusimama ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, uzito ukiwa kwenye nyayo za mbele. Anayesimama wima na kumkabili mpinzani kifua kwa kifua hupigwa tobo, na anayeegemea visigino hupitwa kabla hajageuka. Alijifunza pia kuutazama mpira peke yake, kwa kuwa mabega na kiuno hudanganya. Zaidi ya hayo, alijifunza kumsukumia mpinzani pembeni, kwani mstari wa pembeni ni beki asiyechoka wala kupigwa chenga.

Siku ya nne ndipo nilipomruhusu kuutwaa. Alama za kungojea ni chache: mpinzani amesukuma mpira mbali kupita kiasi, ameinamisha kichwa, au amepokea pasi akiwa amegeuzia lango mgongo. Hapo mguu ulio karibu huingia kwa upande wa ndani, kifundo kikiwa kimekazwa, ukaupiga mpira katikati yake huku mwili ukisogea nyuma ya mguu huo. Kujitupa chini ni dawa ya mwisho, maana aliyelala hawezi kukaba tena.

Nilimweleza pia habari za Bobby Moore, nahodha wa Uingereza, katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Meksiko. Jairzinho wa Brazil alimjia kwa kasi, naye Moore akarudi kinyumenyume bila kumrukia, hata walipoingia eneo la penalti. Alingoja mpaka dakika yake ilipofika, akanyoosha mguu, akaondoka na mpira. Kwa zama hizi, nilimtajia N'Golo Kanté, mfupi wa kimo, aliyetwaa ubingwa wa Uingereza akiwa na Leicester City mwaka 2016 na Chelsea mwaka 2017, kisha Kombe la Dunia akiwa na Ufaransa mwaka 2018. Mipira mingi aliipata kwa kusoma pasi kabla haijapigwa.

Sheria ya 12 ya mchezo huu nayo inafundisha adabu. Kumkabili mpinzani kwa uzembe ni faulo. Bila kujali usalama wake ni kadi ya njano. Kwa nguvu iliyopindukia ni kadi nyekundu. Vijana wengi hudhani kwamba kuugusa mpira kwanza kunawapa kinga. Sivyo. Mwamuzi hutazama pia namna ulivyoingia.

Miezi mitatu baadaye mpwa wangu alikutana uwanjani na kijana yule yule, aliyekwisha kupona, akiteremka na mpira upande wa kulia. Nilimwona akirudi nyuma hatua kwa hatua, akimbana kuelekea mstarini. Mpira uliposogea nusu hatua mbele ya mguu, aliutwaa, akampasia kiungo wake. Hakuna aliyeanguka. Jirani yetu alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipokuwa. Alinitazama, akasema, "Huyo sasa anajua kukaba," nasi tukaendelea kuutazama mchezo pamoja.

Kwa wazazi na walimu wenye vijana wanaokaba, nasaha yangu ni moja: msiwapigie kelele za "Ingia! Ingia!" kutoka pembeni. Waambieni wangoje.