Mbio za kuruka maji, tulivyozitazama kutoka Munigi

Michezo ya Olimpiki ya Paris ilifungwa tarehe 11 Agosti 2024, lakini kwenye vikundi vyetu maneno hayajaisha. Wanaume wetu wamesharudi kwenye mpira. Sisi bado tunazungumza mbio moja tu, za usiku wa tarehe 6 Agosti: mita 3,000 kuruka viunzi na maji, fainali ya wanawake.

Kwa wale wanaosoma barua hii mbali na kwetu, tueleze kwanza tulipo. Munigi iko nje kidogo ya mji wa Goma, upande wa kaskazini, katika wilaya ya Nyiragongo, kwenye barabara inayopanda kuelekea Rutshuru. Tunaishi juu ya mawe meusi. Ni moto wa volkano uliopoa: ukuta wa ua ni mawe hayo, msingi wa nyumba ni mawe hayo, shamba la maharagi ni udongo kidogo katikati ya mawe hayo. Usiku mawingu yakiondoka tunaona wekundu juu ya mlima. Mlima huo ulitufukuza Januari 2002, ukatufukuza tena tarehe 22 Mei 2021. Tangu mwaka 2022 wamekuja pia ndugu zetu waliokimbia vita, wakajenga vibanda vya maturubai juu ya mawe hayohayo, ambako hata kijiti cha hema hakiingii chini bila kupigana nacho.

Na maji hatuna. Mvua ikinyesha, mawe yanaimeza yote. Hakuna mto, hakuna kijito. Msichana wa Munigi anajua foleni ya bomba kabla hajajua kusoma, na bidoni ya lita 20 mgongoni ni nguo yake ya pili.

Ndiyo maana, mbio zilipoanza na wakimbiaji wakafika kwenye lile dimbwi mara ya kwanza, kicheko kikapasuka. Maji ya kuruka! Maji safi, yamemwagwa katikati ya uwanja ili watu wayakanyage! Mama mmoja akauliza kama baada ya mbio wanaruhusu watu kuja kuchota.

Tulikuwa tisa, kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye sufuria, na mega tulizonunua kwa kuchanga. Saa ya Goma na saa ya Paris wakati wa kiangazi chao ni moja, kwa hiyo ilikuwa saa tatu usiku na dakika kadhaa, pale na hapa. Kwa kawaida saa hiyo hakuna anayetoka nje. Lakini usitishaji wa vita uliokubaliwa Luanda ulikuwa umeanza usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti, na watu walikuwa wamelegeza kidogo pumzi. Kidogo.

Kwa ambaye hajawahi kuziona, mbio hizi ziko hivi. Mkimbiaji anazunguka uwanja mara saba na zaidi. Njiani anaruka viunzi 28 vya mbao nzito na dimbwi la maji mara saba. Viunzi vya wanawake vina kimo cha sentimita 76, na havianguki ukivigonga kama vile vya mbio fupi. Ukikigonga, unaanguka wewe. Dimbwi lenyewe lina kina karibu na kiunzi, kisha sakafu yake inapanda polepole, kwa hiyo anayeruka mbali analowa kidogo na anayechoka analowa hadi magotini. Kila mzunguko maji yanakuambia nani amechoka, hata kama uso wake unaficha. Tulilipenda hilo kuliko yote.

Mbio hizi zilitoka kwa farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 huko Ireland wanaume wawili walishindana kwa farasi kutoka mnara wa kanisa la Buttevant mpaka mnara wa kanisa la Doneraile, wakiruka kila ua na kila mfereji uliokuwa njiani. Mpaka leo Waingereza wana sikukuu yao kubwa ya farasi wanaoruka, siku nne kila Machi katika mji wa Cheltenham, na watu huisubiri mwaka mzima kama sisi tunavyosubiri Noeli. Huko nako wanawake walichelewa kupewa nafasi. Rachael Blackmore wa Ireland alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mbio za Grand National, Aprili 2021, na mwaka uliofuata akawa wa kwanza kushinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham. Baadaye watu walianza kuziruka vizuizi hivyo kwa miguu yao wenyewe. Wanaume waliingia Olimpiki na mbio hizi za mita 3,000 mwaka 1920. Wanawake waliingia lini? Mwaka 2008, Beijing. Miaka 88 walikuwa wakiambiwa nini, hatujui vizuri, ila tunaweza kukisia, maana hata kwetu tumeambiwa.

Sasa turudi kwa majirani zetu. Peruth Chemutai ni wa Bukwo, huko Uganda, kwenye miteremko ya mlima Elgon. Mlima huo nao ni volkano, ila umelala. Tarehe 4 Agosti 2021, kule Tokyo, alishinda mbio hizi na kuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki, na ikawa ya dhahabu. Sisi mwaka ule hatukumwona. Miezi miwili na nusu kabla, tulikuwa tumeacha nyumba na kukimbia na magodoro kichwani, wengine Sake, wengine ng'ambo Rwanda, na Agosti wengi walikuwa bado wanatafuta walau bati la kufunika. Kwa hiyo Paris ilikuwa kama deni: safari hii tutamtazama.

Alikimbia mbele kwa ujasiri. Nyuma yake walikuwa Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya anayekimbilia Bahrain, na Faith Cherotich wa Kenya, mtoto wa miaka 20. Katika mzunguko wa mwisho mama mwenye simu alikuwa akipiga kelele hata picha ikatikisika. Baada ya dimbwi la mwisho Chemutai bado alikuwa na nafasi, na sisi tulikuwa tumeshashangilia, lakini Yavi akaja, akaja, akampita karibu kabisa na mstari. Dakika 8, sekunde 52.76, rekodi mpya ya Olimpiki. Chemutai 8:53.34. Cherotich 8:55.15. Wa kwanza, wa pili na wa tatu, wote wamezaliwa Afrika Mashariki. Baadhi yetu walisikitika kwamba dhahabu ilikwenda Bahrain. Wengine wakasema mtoto anayekula kwa jirani bado ni mtoto wako. Hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana.

Tusimsahau Mfaransa Alice Finot, wa nne. Alikuwa amejiwekea ahadi: akikimbia chini ya dakika 9, atamwomba mpenzi wake wamuoane. Akakimbia 8:58.67, rekodi ya Ulaya, akaenda kwenye jukwaa, akapiga goti yeye mwenyewe. Hapo kelele zetu zilizidi zile za mbio. Mama mkubwa wetu alitaka kujua mahari inalipwa na nani katika habari kama hiyo.

Tangu usiku ule wasichana wa Munigi wameanza mchezo wao. Wanalaza bidoni tupu juu ya mawe, wanapima hatua, wanaruka. Wanaruka pia kuta za mawe kati ya ua na ua, na tuseme ukweli, baadhi wanaruka vizuri. Mmoja aliyefika kutoka Rutshuru na mama yake anawapita wavulana. Tulipozungumza kuwapa siku yao ya kushindana, wengi walikubali, ila mama yake huyo akakataa, na sababu yake ilitunyamazisha. Alisema hapa kwetu mtu akionekana anakimbia barabarani, hakuna anayeuliza kwa nini. Wanaouza makala wanafunga magunia, mama anashika watoto, mtaa mzima unaanza kushuka Goma. Mtoto wake akikimbia kwa furaha, anaweza kukimbiza watu elfu moja.

Ni kweli. Kwetu neno kukimbia lina maana moja, na si ile ya Paris.

Basi tulikaa naye mara mbili, na tumepatana hivi. Wasichana watakimbia Jumamosi asubuhi ndani ya uwanja wa shule, si barabarani. Siku mbili kabla, wamama wa kila mtaa watapita nyumba kwa nyumba na kwenye vibanda vya maturubai, na kwa wenye chukudu wanaopita barabara kubwa, kuwaambia kwamba kelele watakazosikia ni za watoto wanaocheza. Dimbwi halitakuwepo. Patakuwa na mstari wa chokaa na bidoni saba tupu, na anayekanyaga mstari atahesabiwa kuwa amelowa. Kila kikundi kilete bidoni moja yenye jina lake, ili baada ya mbio zirudi kwenye foleni ya bomba na wenyewe.